Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kulinganisha RAM za kasi za kompyuta za mezani, Dodoma

Kazi yangu ni kuunganisha na kutengeneza kompyuta za mezani hapa Dodoma. Wanaonijia ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya UDOM na St. John's, wapima viwanja, wahariri wa video za harusi, na watumishi wa ofisi za Mtumba, Mji wa Serikali. Karibu kila wiki kuna mtu anayeniwekea mezani boksi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi), au picha zake kwenye simu, na kuuliza ipi kali. Dukani foleni hainipi nafasi ya kujibu mpaka mwisho. Hapa ninayo.

Fundi, RAM ya 6000 si lazima iwe na kasi karibu mara mbili ya ile ya 3200?

Kwa wingi wa data, ndiyo. Kwa muda wa kusubiri, huenda zikawa sawasawa kabisa.

Namba kubwa kwenye boksi inasema data inapita mara milioni ngapi kwa sekunde. Kila inapopita inabeba baiti 8. Kwa hiyo 3200 mara 8 inakupa GB 25.6 kwa sekunde kwa chaneli moja (njia ya data kati ya RAM na prosesa), na chaneli mbili zinafika GB 51.2. RAM ya 6000 inatoa GB 48 kwa chaneli moja, 96 kwa mbili. Huo ni unene wa bomba.

Umbali wa tangi ni jambo jingine. Bomba likiwa nene maji yanatoka mengi, lakini kama tangi liko mbali, tone la kwanza litachelewa vilevile. Kwenye RAM umbali huo unaupata kwenye namba inayoanza na CL, yaani idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM inayatumia kabla data haijaanza kutoka. Usilinganishe CL na CL moja kwa moja, maana saa za RAM hizo hazipigi kwa kasi moja. Chukua CL, zidisha kwa 2,000, kisha gawa kwa namba ya kasi. Jibu ni nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde.

Fanya hesabu hiyo na utashangaa. (DDR4 ni kizazi cha RAM kilichotangulia, DDR5 ni kilichofuata.) DDR4 ya 3200 CL16 ni nanosekunde 10. DDR4 ya 3600 CL18 ni 10. DDR5 ya 6000 CL30 ni 10. DDR5 ya 6400 CL32, nayo ni 10. Lakini DDR5 ya 6000 CL40 ni 13.3, na ile ya 5600 CL46, ambayo ni ya kawaida kabisa madukani, ni 16.4. Boksi mbili zimeandikwa 6000, bei hazipishani sana, na moja inachelewa kwa theluthi nzima kuliko nyingine. Ndiyo maana nikiulizwa bei ya "RAM ya 6000" huwa ninauliza kwanza: CL ngapi?

Basi zenye CL sawa na kasi sawa zitakuwa sawa?

Siyo lazima. Nyuma ya CL kuna vipimo vingine vingi vya muda ambavyo boksi haivitaji. Pia kuna suala la safu za chipu: kipande cha RAM chenye safu mbili huipa prosesa nafasi ya kushughulikia safu moja huku nyingine ikijiandaa. Kwenye prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4, DDR4 ya 3200 yenye safu mbili inaweza kuipita ya 3600 yenye safu moja kwenye baadhi ya gemu. Na ukiingia DDR5, jihadhari na vipande vya GB 8. Vingi vimejengwa kwa chipu nne pana, zenye nusu ya makundi ya hifadhi ya ndani ukilinganisha na chipu za vipande vya GB 16, hivyo vinabaki nyuma hata stika ikiwa na namba zilezile. Kwa DDR5 mimi huanza kuhesabu kwenye GB 16 kwa kipande.

Nimenunua RAM ya 3600, lakini Windows inaonyesha 2133. Nimeibiwa?

Mara nyingi hujaibiwa. Ama mpangilio wa kasi haujawashwa, ama umeuziwa kitu ambacho mashine yako haiwezi kukitumia, na hili la pili linaniuma zaidi kwa sababu hakuna wa kumshtaki.

RAM za kasi huja na mipangilio miwili. Upo wa kawaida, ambao mashine yoyote inauelewa, na upo wa kasi, unaoitwa XMP upande wa Intel na EXPO upande wa AMD. Kompyuta ikiwaka mara ya kwanza inachukua ule wa kawaida. RAM nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200 au 3600 zina mpangilio wa kawaida wa 2133 au 2400 tu. Za DDR5 nyingi huanzia 4800. Usipoingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na kuwasha mpangilio wa kasi, umelipia kitu ambacho kimelala. Niliwahi kufungua mashine ya mteja wa Ihumwa iliyokuwa na RAM ya 6000 tangu siku ya kwanza, imekaa kwenye 4800 miezi minane. Tuliwasha EXPO, tukahifadhi, ikawaka upya, kazi ikaishia hapo.

Kisha kuna bodi mama zisizokubali. Hapa ndipo pesa nyingi za Dodoma zinapotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa Intel, bodi za H310, B360, B365, H410 na B460 haziiruhusu RAM kupita kasi ya RAM ambayo prosesa inaikubali rasmi. Ukiwa na i5 ya kizazi cha 8 kwenye B360, mwisho ni 2666, hata uweke RAM ya 4000. Ruhusa kwa bodi za B ilikuja 2021 na B560, ikaendelea B660 na B760. H510 na H610 bado zimefungwa. Bodi za Z zilikuwa huru muda wote. Upande wa AMD mambo ni mepesi: B450, A520 na B550 zinakubali.

Zile kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ndizo nyingi zaidi mjini hapa, na ni mashine imara. Lakini BIOS zake kwa kawaida hazina sehemu ya XMP. Ukiweka ndani yake RAM ya kifahari yenye mpangilio wa kawaida wa 2133, itakimbia 2133. RAM ya bei rahisi isiyo na urembo wowote, iliyotengenezwa kwa 2666 tangu kiwandani, itaipita. Narudia kwa sababu watu hawaniamini: kwenye mashine hizo, ya bei nafuu inaweza kushinda ya bei ghali.

CPU-Z inaniandikia 1600 wakati RAM yangu ni 3200.

Iko sawa. CPU-Z, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, inaonyesha mapigo ya saa, na data inapita mara mbili kwa kila pigo. Zidisha kwa mbili.

Nichukue kipande kimoja cha GB 16 au viwili vya GB 8?

Kwa DDR4, viwili, bila kusita. Kipande kimoja kinafungua chaneli moja tu na unapoteza nusu ya bomba. Mtu mwenye vipande viwili vya 2666 ana GB 42.7 kwa sekunde. Mwenye kimoja cha 3600 ana 28.8. Yule wa kwanza kalipa kidogo na yuko mbele.

Wanaosema "nianze na kimoja, cha pili nitaongeza baadaye" ninawaelewa, mshahara ni mshahara. Lakini cha pili kikija baada ya mwaka, hata kikiwa na jina lilelile, ndani yake kinaweza kuwa na chipu za kiwanda kingine. Vipande vya seti moja vilijaribiwa pamoja kabla ya kufungwa kwenye boksi. Vya kuokoteza vitawaka, mara nyingi, ila vitakimbia kwa mwendo wa kile kizito, na XMP inaweza kukataa kabisa.

Kwenye bodi yenye sloti nne, weka vipande viwili kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimekuta mashine nyingi zenye vipande viwili vimekaa jirani kwenye sloti ya kwanza na ya pili, vyote kwenye chaneli moja. Mwenyewe anadai RAM ni mbovu kumbe imekaa vibaya tu.

Nimesikia kipande kimoja cha DDR5 tayari kina chaneli mbili.

Kina njia mbili za biti 32, ambazo kwa pamoja ni biti 64 zilezile za kipande cha DDR4. Kwenye CPU-Z kipande kimoja kitasomeka 2 x 32, na viwili 4 x 32. Ukiona 4 ndipo bomba limefunguka lote.

Kwa kazi yangu, tofauti nitaiona?

Inategemea mashine inasubiri nini, na hapa siwezi kujibu kwa sentensi moja.

Anayefaidika zaidi ni mwanafunzi anayecheza gemu bila kadi ya grafiki, kwa prosesa kama Ryzen 5 5600G au 8600G. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakunywa kutoka RAM ileile ya prosesa. Kwake kutoka kipande kimoja kwenda viwili ni kama kubadilisha mashine, na kutoka 2666 kwenda 3600 kunaonekana kwa macho bila kipimo. Kama bajeti ni ndogo, hapo ndipo ninaposhauri pesa ya RAM ya kasi iende.

Mwenye kadi ya grafiki ya wastani anayecheza na picha zikiwa kwenye ubora wa juu hataona mengi, maana kadi ndiyo inayochoka kwanza. Ataona kidogo kwenye zile sekunde ambazo gemu inakwama. Na kama prosesa yake ni Ryzen 7 5800X3D au 7800X3D, zenye MB 96 za kumbukumbu ya ndani, RAM ya kasi inamhusu kidogo sana, kwa sababu data nyingi anayoihitaji haitoki nje ya prosesa.

Wapima viwanja na wachora ramani, ninyi mna shida tofauti. QGIS ikifungua picha za angani za kata nzima, au Revit ikifungua jengo la ghorofa, kinachoua mashine ni RAM kujaa. Ikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski kama RAM, na hata SSD nzuri iko mbali sana na nanosekunde tulizohesabu pale juu. GB 32 za 3200 zitakuhudumia vizuri kuliko GB 16 za 3600 kila siku ya kazi. Wahariri wa video ni hivyohivyo: kwanza ujazo, kisha kasi.

Blender na kazi nyingine za kutengeneza picha kwa prosesa hazijali sana. Kubana mafaili kwa 7-Zip kunajali sana, hasa muda wa kusubiri.

Kuna kazi mpya ambayo vijana wa kompyuta pale UDOM wameanza kuniulizia: kuendesha modeli za lugha za akili bandia kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa prosesa tu. Hapo upana wa bomba ndio kila kitu. Ili kutoa kipande kimoja cha neno, prosesa inalazimika kuisoma karibu modeli nzima kutoka RAM. Modeli ikiwa na GB 4 na RAM yako inatoa GB 51.2 kwa sekunde, huwezi kuvuka vipande 12 au 13 vya neno kwa sekunde hata ufanye nini. Kwa GB 96 dari linapanda mpaka 24. Ni nadra kupata kazi ambayo hesabu ya kwenye karatasi inakaribia hivyo kinachotokea mezani.

Mashine yangu ni Ryzen ya AM5. Kama 6000 ni nzuri, 7200 si nzuri zaidi?

Kwa watu wengi, hapana. Ndani ya prosesa kuna kidhibiti cha RAM, na mpaka 6000, wakati mwingine 6400, kinatembea hatua kwa hatua na RAM. Ukipita hapo, kwa kawaida kidhibiti kinashuka hadi nusu ya mwendo wa RAM, na muda wa kusubiri unaongezeka. Unalipa zaidi, na bomba lililonenepa linafidia tu kile ulichopoteza. Chukua 6000 CL30, pesa iliyobaki nunua SSD. AM4 nayo ina kikomo cha namna hiyo kwenye 3600.

Kwenye Intel za kizazi cha 12 kuendelea, kidhibiti hutembea kwa nusu ya mwendo wa DDR5 tangu mwanzo. Kupanda kwenda 7200 huko kuna maana zaidi, bodi ikiwa nzuri.

Nikijaza sloti zote nne?

Kwa DDR5 utapoteza kasi. AMD yenyewe kwa Ryzen 7000 inaahidi 5200 kwa vipande viwili, lakini 3600 tu kwa vinne. Ukitaka GB 64 nunua viwili vya GB 32. DDR4 ina uvumilivu zaidi.

Unapimaje seti mbili ukasema hii imeshinda?

Mashine moja, prosesa moja, Windows ileile, kitu kimoja tu kinabadilika. Kwanza ninathibitisha RAM inakimbia kweli kasi iliyoandikwa, kwa Task Manager na CPU-Z. Ninapima kwa programu ya AIDA64 kasi ya kusoma na muda wa kusubiri. Kisha ninaacha hizo namba na kwenda kwenye kazi halisi ya mteja: gemu yake, mradi wake wa video, faili lake la ramani. Kila kipimo mara nne, ya kwanza naitupa kwa sababu mafaili ndiyo kwanza yanasomwa kutoka diski. Kwa gemu siridhiki na wastani wa fremu. Naangalia zile asilimia moja za chini kabisa, kwa maana mkwamo ndio unaomkera mchezaji, na ndipo RAM inapojitofautisha. Tofauti ikiwa ndogo kuliko kupanda na kushuka kwa kipimo chenyewe, namwambia mteja zimefungana.

Kabla ya yote hayo RAM inapita MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, kutoka kwenye flashi, mizunguko yote minne. Kosa hata moja, naikataa. RAM inayokosea haizimi kompyuta tu. Inaweza kuandika faili lako la tasnifu likiwa limeharibika na usijue mpaka siku ya kulifungua.

Na mtihani ufanyike mchana. RAM ya kasi inaanza kukosea ikipata joto, hasa DDR5, ambayo inabeba chipu ya kugawa umeme kwenye kipande chenyewe. Seti iliyopita mtihani usiku wa Julai, Dodoma ikiwa ya makoti, inaweza kuanguka saa nane mchana mwezi Novemba kwenye chumba cha bati kisicho na feni. Mimi nimerudishiwa kazi kwa sababu hiyo. Tangu hapo najaribu kasha la kompyuta likiwa limefungwa, kadi ya grafiki ikifanya kazi jirani yake. Ikikosea kwenye joto, nashusha kutoka 6000 kwenda 5600 na mteja hajawahi kuiona tofauti.

Nimeweka DDR5 mpya, skrini nyeusi dakika tano. Imeungua?

Subiri. Bodi inajifunza RAM mpya, na kwenye AM5 somo la kwanza linaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukizima katikati inaanza upya. Ipe robo saa kabla ya kuchomoa kitu. Ikishindikana, bakiza kipande kimoja kwenye sloti ya pili ujaribu tena.

Umeme wetu unaathiri RAM?

RAM yenyewe hulindwa na pawasaplai, kwa hiyo nunua pawasaplai ya kweli kabla ya RAM ya kifahari. Ninaloliogopa ni kusasisha BIOS. Bodi za AM5 zinahitaji BIOS mpya: mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 ziliungua kwa volti kubwa ambayo bodi zilipeleka EXPO ikiwashwa, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa njia ya BIOS. Kama bodi yako ni ya kipindi hicho na haijawahi kusasishwa, isasishe kwanza. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa. Bila UPS yenye chaji, usiguse. Njoo nayo, tutaifanyia kazi hapa.

Vumbi la kiangazi nalo lina sehemu yake. Kompyuta ikigoma kuwaka mwezi wa tisa, chomoa RAM, safisha meno ya dhahabu kwa spiriti na kitambaa laini, puliza sloti, rudisha. Nyingi zinapona hapo.

Nitajuaje RAM bandia?

Niliwahi kupokea kutoka duka moja la Dar vipande vilivyoandikwa 3200, na ndani ya bati la kupozea mlikuwa na chipu za 2400. Usitegemee stika. Fungua CPU-Z, ukurasa wa SPD, utazame mipangilio yote iliyohifadhiwa na jina la mtengenezaji. RAM ambayo boksi lake limeandikwa XMP lakini haionyeshi XMP pale ndani ni ya kurudisha. Dai risiti ya EFD hata kama mzigo unakuja kwa basi na unaupokelea Nzuguni, na ujaribu siku hiyohiyo.

Taa za rangi zinaongeza kasi?

Hapana. Zinaongeza bei, na joto kidogo.

DDR5 itaingia kwenye sloti ya DDR4?

Haiingii. Zote mbili zina pini 288, ila pengo limehamishwa. Usilazimishe.

Kwa nini bei zimepanda hivi?

Chipu za RAM karibu zote zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK hynix na Micron. Wenye majina tunayoyajua, kina Kingston, Corsair na G.Skill, wananunua kwao. Mwaka 2025 viwanda hivyo vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia, na Desemba Micron ikatangaza kuacha biashara ya RAM za wateja wa kawaida kwa jina la Crucial. Mzigo ukipungua kule, Kariakoo inajua wiki hiyohiyo, na sisi tunajua wiki inayofuata.

Nina i5 ya kizazi cha 8 yenye GB 8, kipande kimoja. Niiuze au niongeze RAM?

Usiiuze bado. Fungua Task Manager ukiwa katikati ya kazi yako ya kawaida, utazame RAM imejaa kiasi gani. Ikiwa imevuka asilimia 80, tafuta vipande viwili vya GB 8 vya 2666 vya kawaida, vilivyotumika vinafaa kama vimepita MemTest. Ikiwa haijafika hapo, bado cha pili cha GB 8 kinachofanana na hicho ulichonacho kitakufungulia chaneli ya pili. Soma namba iliyo kwenye stika ya hicho cha kwanza, uipige picha, uje nayo.